Blaise Pascal: Unyasi Unaofikiri

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Sisi tunaosoma falsafa tunamjua Blaise Pascal kama mwanahisabati na mwanafikra hodari, lakini maisha yake ni ufafanuzi wa methali hiyo. Aliishi miaka 39 tu, na mingi kati ya hiyo aliiishi akiwa mgonjwa.

Alizaliwa tarehe 19 Juni 1623 mjini Clermont, Ufaransa. Akiwa na miaka mitatu alifiwa na mama yake. Baba yake, Étienne, hakuoa tena. Aliwalea mwenyewe Blaise na dada zake wawili, Gilberte na Jacqueline, na mwaka 1631 akahamia nao Paris. Kijana huyo hakwenda shule, alifundishwa na baba yake nyumbani. Kabla ya kutimiza miaka 20 alianza kubuni mashine ya kuhesabu, ili kumpunguzia baba yake mzigo wa kukokotoa kodi. Mwaka 1648 alimwomba shemeji yake apande mlima Puy de Dôme na mirija ya zebaki. Kadiri walivyopanda, zebaki ilishuka, ikawa ushahidi kwamba hewa ina uzito.

Lakini akili ile kubwa ilikaa katika mwili dhaifu. Gilberte, aliyeandika habari za maisha yake, anasimulia kwamba tangu umri wa miaka 18 Pascal hakupata siku isiyo na maumivu. Mwaka 1651 baba yake alifariki. Jacqueline alipotaka kuingia utawani Port-Royal, Pascal alijaribu kumzuia, maana hakutaka kubaki peke yake. Jacqueline akaenda, na kaka yake akabaki na sifa nyingi na moyo mtupu.

Usiku wa tarehe 23 Novemba 1654, kwa muda wa saa mbili hivi, Mungu alimgusa kwa namna ambayo hakuisahau kamwe. Aliyaandika aliyoyaonja, akaishona karatasi ile ndani ya koti lake. Hakumwambia mtu. Mtumishi wake aliigundua baada ya kifo chake.

Tangu hapo alitamani kuandika kitabu cha kuitetea imani, lakini ugonjwa haukumruhusu kukimaliza. Vipande alivyoacha vilichapishwa mwaka 1670, na hadi leo vinasomwa kwa jina la Pensées. Humo anamfananisha mwanadamu na unyasi: kitu kidogo tu chatosha kumwua, lakini anamzidi ulimwengu wote kwa sababu anajua kwamba anakufa. Kwake, anayemjua Kristo aliyesulubiwa anaweza kuutazama udhaifu wake bila kukata tamaa, na ukuu wake bila kiburi.

Hakuwa mtu asiye na dosari. Aliwatetea kwa kalamu kali rafiki zake wa Port-Royal, ambao baadhi ya mafundisho yao yalikataliwa na Kanisa. Hata hivyo, mwaka 2023 Baba Mtakatifu Fransisko alimwandikia barua ya kitume, miaka 400 tangu azaliwe.

Mwaka wa mwisho wa maisha yake unatufundisha zaidi. Alikuwa amehifadhi familia maskini nyumbani kwake. Mtoto wao alipougua ndui, Pascal hakuwatoa. Alitoka yeye, mgonjwa, akahamia kwa Gilberte. Alipoona anahudumiwa vizuri, aliomba maskini mgonjwa aletwe nyumba ile ile atunzwe sawa na yeye. Ilishindikana. Akaomba apelekwe hospitali ya wasiotibika, afe kati ya maskini, waganga walikataa. Alikuwa ameomba Komunyo mara kadhaa, akaambiwa hali yake si mbaya kiasi hicho. Hatimaye aliipokea, akafariki tarehe 19 Agosti 1662.

Tunapowatembelea wagonjwa parokiani, ni rahisi kudhani kwamba sisi wazima ndio tunaowapa kitu. Pascal alijua kwamba maskini kitandani ni ndugu yake katika udhaifu uleule, na kwamba Kristo yupo hapo. Afya yetu ni ya kuazima. Tuitumie kuwakaribia walioipoteza, ili zamu yetu ikifika tuwe tumekwisha kuizoea njia.