James Lind, Mganga Aliyezipima Dawa

Watu wengi huiamini dawa kwa sababu imesifiwa na wazee au na mtu mwenye cheo. Mwezi huu twawasimulia habari za mganga mmoja wa Uskoti ambaye hakuridhika na sifa, bali alitaka kuona kwa macho yake.

James Lind alizaliwa Edinburgh mwaka 1716. Alijifunza kazi ya upasuaji, na mwaka 1739 akaingia katika manowari za Uingereza. Siku zile adui mkubwa wa mabaharia hakuwa mzinga wala dhoruba, bali kiseyeye. Fizi zao zilioza, meno yakalegea, nguvu zikawaishia, wakafa. Bwana Anson alipoizunguka dunia kwa merikebu za vita, tangu 1740 hata 1744, zaidi ya nusu ya watu wake walikufa, wengi kwa ugonjwa huo. Waganga walitaja dawa nyingi, kila mmoja akiisifu yake.

Basi mwezi wa Mei 1747 Lind alikuwa mganga wa manowari iitwayo Salisbury. Akachagua wagonjwa 12 ambao hali zao zilifanana, akawalaza mahali pamoja, akawapa wote chakula kile kile, ili tofauti iwe katika dawa tu. Kisha akawagawa wawili wawili. Wa kwanza aliwapa pombe ya matofaa. Wa pili matone ya dawa kali yenye asidi. Wa tatu siki. Wa nne maji ya bahari. Wa tano dawa iliyopondwa ya kitunguu saumu, haradali na vitu vingine. Na wa sita machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yaliisha baada ya siku sita. Walakini mmoja wa wale waliokula matunda alikuwa tayari kurudi kazini, na mwenzake akapata nguvu hata akawekwa kuwauguza wengine. Wenye pombe ya matofaa walipata nafuu kidogo.

Mwaka 1753 Lind alitoa kitabu kikubwa juu ya kiseyeye, lakini desturi haikubadilika. Naye mwenyewe alikosea: alishauri maji ya matunda yapashwe moto muda mrefu ili yapungue na kuhifadhiwa, kumbe moto uliiharibu nguvu yake. Tangu 1758 hata 1783 aliwatunza mabaharia wagonjwa katika hospitali ya Haslar. Akafariki mwaka 1794. Mwaka uliofuata, 1795, wakuu wa manowari waliamuru mabaharia wapewe maji ya limau, na kiseyeye kikapungua sana. Miaka 48 ilikuwa imepita tangu jaribio lile, na katika miaka hiyo watu wengi walikufa, hali dawa yao ilikwisha kuonekana.

Ndugu walimu, Mtume Paulo aliwafundisha Wathesalonike kuchunguza kila jambo kabla ya kulishika. Lind alifanya hivyo kwa ajili ya wagonjwa wake. Nasi tukiulizwa na mgonjwa kijijini, tusimpe neno tulilolisikia tu, bali lililopimwa. Na likiisha kupimwa, tusikawie kulitenda, maana kukawia kwetu huenda kukamgharimu mwenzetu uhai.