Ernie Davis: Shujaa Aliyenyimwa Kiti

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Leo, wasomaji wapenzi, nataka kuwasimulia habari za kijana aliyesifiwa hadi na Rais wa nchi yake, lakini tembo lake hakulitia maji hata tone. Huyo ni Ernie Davis wa Marekani.

Davis alizaliwa tarehe 14 Desemba 1939 huko New Salem, jimbo la Pennsylvania. Babake hakumjua. Alilelewa na babu na nyanya yake mjini Uniontown, babu akiwa mchimba makaa ya mawe. Utotoni alikuwa na kigugumizi, na mtoto wa kigugumizi huchekwa, si mnajua wenyewe! Lakini uwanjani miguu yake ilisema bila kukwama. Alipofika miaka 12 alihamia kwa mamake mjini Elmira, jimbo la New York, na huko shule ya upili jina lake likaanza kuvuma.

Mpira wa Kimarekani si kama kandanda yetu. Unakaribia raga: mpira una umbo la yai, unabebwa mikononi, na wachezaji huvaa kofia ngumu. Kazi ya Davis ilikuwa kuubeba na kuyapenya majitu yaliyotaka kumwangusha.

Mwaka 1959 alikuwa mwaka wa pili katika Chuo Kikuu cha Syracuse, akivaa jezi nambari 44 iliyokuwa ya Jim Brown, nyota mweusi aliyemtangulia. Chini ya kocha Ben Schwartzwalder, timu ilicheza mechi 10 ikashinda zote 10. Ya 11 ilikuwa tarehe 1 Januari 1960 mjini Dallas, dhidi ya Chuo Kikuu cha Texas, ambacho timu yake ilikuwa ya weupe watupu. Davis aliingia uwanjani mguu ukimuuma. Watu wakadhani hatafanya kitu. Wapi! Mapema tu alidaka pasi akachomoka kama mshale, ikawa bao la yadi 87. Syracuse 23, Texas 14. Wakawa mabingwa wa taifa zima, na Davis akatajwa mchezaji bora wa mechi.

Sasa sikilizeni ya jioni. Kulikuwa na karamu ya kuwatuza wachezaji. Inasimuliwa kwamba Davis na wenzake weusi waliambiwa wapokee tuzo, kisha watoke, eti ukumbi ule ni wa weupe. Jamani! Mtu apewe kikombe anyimwe kiti? Davis hakujibu kwa matusi wala ngumi. Wengine wenu mtasema huo ni woga. Mimi nakataa. Mwoga angeuacha mchezo, lakini yeye alirudi Syracuse akacheza misimu miwili mingine, na mwaka 1961 akapata tuzo ya Heisman, ambayo tangu ianze mwaka 1935 hakuna mweusi aliyekuwa ameipata. Rais John F. Kennedy alikutana naye mjini New York akampongeza.

Lakini kizuri hakidumu. Mwaka 1962, akiwa tayari amesajiliwa na timu ya kulipwa ya Cleveland Browns, madaktari waligundua ana saratani ya damu. Hakuichezea hata mechi moja. Alifariki tarehe 18 Mei 1963, wiki mbili kabla ya Kenya kupata Madaraka, akiwa na miaka 23 tu. Kule Elmira maelfu walijipanga kumuaga, weusi kwa weupe.

Basi enyi wachezaji wa shule yetu, mkifunga mabao msitembee kama mmeinunua shule. Nanyi mnaomcheka mwenzenu neno linapomkwama darasani, mngojeeni amalize. Hamjui mnamcheka nani.