Habari za Carl Peters na Mpaka wa Mlima Wetu

Ndugu wasomaji, katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za watu wema, ili tufuate mwenendo wao. Leo twaandika habari za mtu wa namna nyingine. Jina lake Carl Peters, Mdachi, ambaye wengi walimwita Mkono wa Damu. Twaona yafaa habari zake zijulikane sharikani, hasa kwetu sisi tukaao chini ya Mlima Meru. Vijana huuliza kwa nini wazee wetu walitawaliwa kwanza na Wadachi, hali Wamasai wa ng'ambo ya nyika walitawaliwa na Waingereza. Tena huuliza jinsi vita vya Ulaya vilivyopata kufika mpaka Longido. Jibu halipatikani mlimani kwetu. Lapatikana Berlin na London, na kwa sehemu katika maisha ya mtu huyu.

Carl Peters alizaliwa tarehe 27 Septemba 1856 katika mji mdogo wa Neuhaus, karibu na mto Elbe. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa la Kilutheri, basi mtoto alilelewa katika nyumba ya Neno la Mungu. Alikuwa na akili nyingi, akasoma historia katika vyuo vikuu mpaka akapata cheo cha udaktari. Siku zile nchi ya Udachi, yaani Ujerumani, ilikuwa dola mpya. Falme zake nyingi ziliunganishwa chini ya Kaizari mmoja mwaka wa 1871 tu, baada ya kuwashinda Wafaransa vitani. Vijana wengi walijaa fahari ya taifa lao. Peters akaenda kukaa London kwa mjomba wake, akaona utajiri wa Waingereza na ukubwa wa milki yao, akaingiwa na wivu. Kuipenda nchi ya kwenu si dhambi. Lakini mapenzi ya Peters yalikuwa ya kushindana: hakuona ukuu wa taifa lake ila katika kuwa na mataifa mengine chini ya miguu yake.

Mwezi wa Machi 1884 akaanzisha huko Berlin chama cha kutafuta makoloni, na mwezi wa Novemba akafika Unguja pamoja na rafiki zake, akina Jühlke na Pfeil. Walisafiri kwa majina yasiyo yao, ili shauri lao lisijulikane. Huko Unguja akaarifiwa ya kuwa serikali yake haitamlinda. Akienda bara, aende kwa hatari yake mwenyewe. Hakujali. Kwa muda wa majuma machache akapita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami, akarudi pwani na hati zipatazo 12. Mojawapo ni ile ya Mangungu wa Msovero katika Usagara. Iliandikwa kwa Kidachi, na Mangungu akatia alama yake. Kwa desturi za nchi, kumkaribisha mgeni na kupokea zawadi zake ni kufanya urafiki. Lakini maneno ya hati yalikuwa ya kwamba Mangungu ametoa nchi yake yote, pamoja na haki zote za kutawala, iwe mali ya chama cha Peters milele.

Hapa na tuangalie sana jinsi mashauri ya madola yanavyokwenda. Bismarck, waziri mkuu wa Udachi, hakuwa mpenzi wa makoloni. Aliziogopa gharama zake. Lakini watu wengi wa nchi yake waliyataka kwa makelele, naye aliona yaweza kumfaa katika uchaguzi na katika kushindana na Uingereza. Tarehe 26 Februari 1885 mkutano mkubwa wa mataifa juu ya Afrika ulimalizika Berlin. Kesho yake Kaizari Wilhelm wa kwanza akatia sahihi hati ya kuzilinda nchi alizozipata Peters. Jambo lililokataliwa miezi michache nyuma likawa sasa heshima ya taifa zima.

Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alilalamika. Mwezi wa Agosti manowari za Wadachi zikatia nanga mbele ya jumba lake, mizinga tayari. Waingereza walikuwa rafiki zake tangu zamani, na balozi wao John Kirk alikuwa mshauri wake. Lakini serikali ya London siku zile ilihitaji msaada wa Bismarck katika mashauri ya Misri, tena ilikuwa karibu kupigana na Urusi kwa ajili ya mpaka wa Afghanistan. Kwa hiyo ikamwamuru Kirk asiwapinge Wadachi. Barghash akaachwa peke yake, akakubali. Hivyo shauri la Usagara lilikatwa kwa ajili ya Misri na Afghanistan, nchi ambazo Mangungu hakuwa na neno nazo.

Katika mwaka huo huo Jühlke akafika Moshi kwa Mangi Rindi, akafanya mkataba naye. Siku si nyingi kabla yake alikuwa amefika Lloyd Mathews, Mwingereza, jemadari wa Sultani, naye alikwisha kupata hati zake. Rindi aliwapokea wote wawili. Tusimdhanie kuwa mjinga. Naye alikuwa na mashauri ya nchi yake, akitaka wageni wenye bunduki wawe upande wake juu ya Sina wa Kibosho. Mwisho wa mwaka wa 1886 Uingereza na Udachi zikapatana. Sultani akaachiwa visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10. Bara ikagawanywa kwa mstari kutoka mto Umba mpaka Ziwa Viktoria, ukipinda kupita kaskazini ya Kilimanjaro. Watu husimulia ya kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake mlima ule kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa. Si kweli, mjukuu huyo alikuwa hajawa hata Kaizari. Mpaka ulipinda kwa sababu Wadachi walishika hati ya Jühlke, na Waingereza walikuwa na Mombasa upande wao. Mlima Meru ukaangukia kwa Wadachi, na Wamasai wakakatwa vipande viwili. Hakuna Mmeru, wala Mwarusha, wala Mmasai aliyeulizwa.

Mwaka wa 1889 Peters akashika safari nyingine, akitoa sababu ya kumwokoa Emin Pasha, Mdachi aliyekuwa liwali wa serikali ya Misri katika Sudani ya kusini. Emin alikuwa amekwisha kuondoka pamoja na Stanley, lakini Peters hakurudi. Akafuata mto Tana, akapigana na watu njiani, akachoma vijiji, na baadaye akayaandika hayo kitabuni kama mtu ajisifuye. Mapema mwaka wa 1890 akafika Buganda, akafanya mkataba na Kabaka Mwanga. Lakini alipofika pwani akakuta mambo yamegeuka. Tarehe 1 Julai 1890 Udachi iliwaachia Waingereza Uganda na Witu, ikakubali Unguja iwe chini ya ulinzi wao, na Udachi ikapewa Heligoland, kisiwa kidogo katika bahari ya Ulaya kisichotimiza kilomita 2 za mraba. Hati ya Mwanga ikawa karatasi tupu. Serikali ilimtumia Peters alipoifaa, na ilipoona faida mahali pengine haikumwuliza neno, kama vile yeye asivyowauliza watu wa Usagara.

Peters na wenzake wakakasirika sana. Mwaka wa 1891 wakaunda chama cha kuitaka serikali isiwaachie tena wageni chochote. Chama hicho kiliendelea miaka mingi kuwafundisha Wadachi ya kwamba kupatana na taifa jingine ni unyonge. Mafundisho ya namna hiyo yalikuwapo pia katika nchi nyingine za Ulaya. Nayo ni kuni mojawapo zilizowasha moto wa mwaka wa 1914.

Mwaka huo wa 1891 Peters akawekwa kuwa Komishina wa Kaizari katika Kilimanjaro, akakaa Marangu. Mwezi wa Oktoba akaamuru mtumishi wake Mabruk anyongwe. Mwezi wa Januari 1892 akamnyongesha Jagodia, msichana aliyekuwa amewekwa nyumbani mwake naye akamtoroka. Alipigwa viboko kwanza. Neno hili likajulikana kwa wote mwezi wa Machi 1896, August Bebel aliposimama katika baraza kuu la Udachi na kulifunua. Mwaka wa 1897 Peters akaondolewa katika utumishi wa serikali, lakini hakufungwa hata siku moja. Akahamia London, mji wa wale aliowaonea wivu.

Sasa tuangalie matunda yake hapa kwetu. Baada ya Peters kuondoka Kilimanjaro, Mangi Meli wa Moshi, mwana wa Rindi, aliwashinda askari wa Kidachi mwezi wa Juni 1892. Wadachi wakawashuku wamisionari Waingereza wa CMS waliokuwako Moshi ya kuwa wamemsaidia, wakalazimika kuondoka. Ndipo mwaka wa 1893 ikaja Misheni ya Leipzig. Basi, ndugu, hata jambo hili la sisi kuwa Walutheri liliingiliwa na ugomvi wa mataifa mawili. Mungu alileta Injili. Lakini tusisahau ni mlango gani uliofunguliwa, na nani aliyeufungua.

Mwezi wa Oktoba 1896 wamisionari Ewald Ovir na Karl Segebrock wakafika Akeri. Hao walikuwa wazaliwa wa nchi za Baltiki, zilizotawaliwa wakati ule na Urusi. Lakini Kapteni Johannes na askari wake walikuwa wamepiga kambi si mbali nao, na mashujaa wa Meru na Arusha waliona weupe wote kuwa jeshi moja. Usiku wa kuamkia tarehe 20 wakawaua, pamoja na Wachagga waliofuatana nao. Johannes akalipiza kisasi pamoja na maelfu ya Wachagga: watu wakauawa, nyumba na migomba ikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa. Makaburi ya wale wawili twayaheshimu. Lakini na wale Wameru na Waarusha waliokufa katika kisasi kile, ambao majina yao hayakuandikwa popote, nao ni wazee wetu. Katika miaka ya 1899 na 1900 boma la Arusha likajengwa kwa nguvu za watu walioshurutishwa. Baadaye tu zikaanzishwa stesheni za Nkoaranga, mwaka wa 1902, na Ilboru, mwaka wa 1904.

Vita vya 1914 vilipoanza, mpaka uliochorwa kwa ajili ya faida za Berlin na London ukawa uwanja wa kupigania. Tarehe 3 Novemba 1914 Waingereza waliwashambulia Wadachi huko Longido wasiwashinde. Mwezi wa Machi 1916 wakaingia Arusha. Wapagazi wakafa maelfu kwa maelfu kwa ugomvi usio wao. Kisha mwaka wa 1920 wamisionari wa Leipzig wakafukuzwa kwa kuwa ni Wadachi, kama wale wa CMS walivyoondolewa Moshi kwa kuwa ni Waingereza. Sharika zikabaki mikononi mwa walimu wetu wenyewe, nazo hazikuzimika.

Peters hakuuona mwisho huo. Kaizari Wilhelm wa pili alikuwa amemrudishia cheo chake mwaka wa 1905, na mwaka wa 1914 akapewa malipo ya uzeeni, kana kwamba Mabruk na Jagodia hawakuwako. Akafa tarehe 10 Septemba 1918, miezi miwili kabla ya Udachi kushindwa na kupoteza makoloni yake yote. Sanamu yake, iliyokusudiwa kusimama Dar es Salaam, ikasimamishwa mwaka wa 1931 huko Heligoland, kisiwa kile kile kilichoyafanya maneno yake na Mwanga kuwa bure. Watu wa Hitler wakamtukuza tena, wakapiga sura yake kwenye stempu mwaka wa 1934. Baada ya vita vya pili miji mingi ya Ujerumani ikaliondoa jina lake katika njia zake.

Tumejifunza nini? Kwanza, ya kuwa dola hutafuta faida yake, na mara nyingi huita faida hiyo kwa majina mazuri, kama heshima, ulinzi na urafiki. Mwenye hekima huuliza ni nani atakayelipa gharama. Pili, ya kuwa mstari ukichorwa mbali huchukua miaka mingi kuleta maumivu yake. Ardhi ya mlima huu iliyotwaliwa na kupewa walowezi siku za Wadachi iliendelea kuwa mikononi mwa wageni siku za Waingereza. Na mwaka wa 1951 watu wapata 3,000 wakaondolewa Ngare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Hapo Wameru hawakushika mikuki. Mwaka wa 1952 wakamtuma Kirilo Japhet mpaka New York, mbele ya Umoja wa Mataifa, akawa mdomo wa watu wasioulizwa mwaka wa 1886. Hukumu aliyoitaka hakuipata siku ile, lakini mashauri ya mlima huu hayakusemwa tena na wageni peke yao.

Tatu, ndugu walimu, mtu huyu alitoka katika nyumba ya mchungaji. Hakufundishwa huko kumnyonga msichana. Alijifunza mahali pengine ya kuwa taifa lake li juu ya haki, akaiweka imani ya utotoni mwake pembeni. Nasi tunao mataifa yetu na makabila yetu, tena twayapenda. Wajukuu wa Wachagga waliofuatana na Johannes na wajukuu wa Wameru walioteketezewa migomba hukaa leo katika benchi moja na kupokea kikombe kimoja. Tukisikia mtu anasema kabila letu au taifa letu lazima likuzwe kwa kuwadhili wengine, na tumkumbuke Carl Peters, tukatae mapema, kabla hati haijatiwa sahihi.