Willy Higinbotham na mpira wake wa nuru

Wale waliopita kwetu mu darasa la fizike waliona mchezo tuliotengeneza: waya uliopindwa sawa nyoka, kipete cha chuma cha kushika mkononi, bateri mbili na lampe ndogo. Kipete kikigusa waya, lampe inawaka na umeshindwa. Wengi walicheka, wengine wakauliza inasaidia nini. Basi tuwaelezee habari ya fundi mmoja mkubwa ambaye yeye pia alitengeneza mchezo.

William Higinbotham, ambaye rafiki zake walimwita Willy, alizaliwa tarehe 25 mwezi wa 10, 1910, kule Bridgeport, Marekani. Baba yake alikuwa pasta wa Kanisa la Presbiteri. Alimaliza Williams College mwaka 1932, kiisha akasoma fizike Cornell. Vita kubwa ilipokuja, 1941, akaitwa kwenye kazi ya rada, na ni kule alizoea kufanya alama za nuru zionekane kwenye kioo.

Mwisho wa 1943 akatumwa Los Alamos, fasi ya siri walipotengeneza bomu ya atomu. Habari hii inatugusa sisi watu wa Kongo, maana uranium nyingi ya kazi ile ilitoka Shinkolobwe, mu Katanga, na wababa waliochimba hawakuambiwa ni ya nini. Higinbotham akawa mkubwa wa kundi la elektroniki. Kundi lake lilitengeneza vyombo vya kupima wakati, vya kufanya bomu ipasuke kwa nukta yake kamili. Tarehe 6 na 9 mwezi wa 8, 1945, miji ya Hiroshima na Nagasaki ikaungua. Mwaka ule ule yeye na wenzake wenye elimu wakaanza umoja wa kuomba serikali isiache silaha hizo mikononi mwa waaskari. Tangu siku hizo hakuacha kazi hiyo hata kidogo.

Kiisha akaingia laboratwari ya Brookhaven, karibu na New York, na huko akaongoza mafundi wa vyombo vya kupimia. Kila mwaka laboratwari ilikaribisha watu wa vijiji vya jirani. Wageni walitembea mbele ya picha na vyombo visivyotembea, wakachoka. Mwaka 1958 Willy akataka wapate kitu cha kushika kwa mikono yao.

Kulikuwa ordinatere ndogo ambayo haikuhesabu kwa tarakimu, ilihesabu kwa nguvu ya umeme: volti zikipanda, mpira unapanda, volti zikishuka, mpira unashuka. Kitabu chake kilionyesha namna ya kuchora njia ya risasi, na ya mpira wenye kuruka. Willy akaona kama mpira unaweza kuchorwa, watu wawili wanaweza kuucheza. Kuchora shema ya kwanza kulimchukua saa chache tu. Fundi mwenzake Robert Dvorak akaunganisha nyaya, na kwa majuma karibu matatu yote ikawa tayari.

Kioo kilikuwa cha osiloskopu, upana wake sentimeta 13 hivi, sawa sahani ndogo. Ulionekana mstari wa chini, ndio uwanja, na mstari mfupi wa kusimama katikati, ndio wavu. Mpira ulikuwa nukta moja ya nuru. Sehemu ya ordinatere ilihesabu namna dunia inavuta mpira chini. Mpira ukigonga uwanja, rele inageuza umeme na mpira unaruka tena, lakini si juu kama mara ya kwanza. Tulipenda zaidi jambo hili: kioo hakikuweza kuonyesha vitu vitatu pamoja. Transista ziliruka upesi toka uwanja mpaka wavu mpaka mpira, mara 36 kwa sekonde moja, na macho yakadanganyika, yakaona vyote. Kila mchezaji alikuwa na kisanduku chenye kifungo cha kuzungusha, cha kuchagua mpira uende juu au chini, na kingine cha kupiga. Hakuna aliyehesabu pointi.

Siku ya wageni, tarehe 18 mwezi wa 10, mamia walipanga mstari, na vyombo vingine vikabaki peke yao. Mwaka 1959 akaweka kioo kikubwa zaidi, na mtu aliweza kucheza kama vile yuko mwezini, ama kwenye Jupiter ambako mpira unaanguka kwa nguvu. Kiisha wakafungua yote, vipande vikatumika kwa kazi zingine. Hakuomba breve, ijapokuwa alikuwa na breve zaidi ya 20 za vitu vingine. Aliona mchezo si neno kubwa. Tena breve ingekuwa ya serikali. Wakati michezo ya televizyo ilipoleta utajiri, miaka ya 1970, yeye hakupata hata franga.

Alikufa tarehe 10 mwezi wa 11, 1994. Alitamani akumbukwe kwa kazi yake ya kuzuia bomu za atomu zisienee, lakini wenye kuandika habari zake wanaanza karibu wote na ule mpira. Sisi pia tumefanya vile.

Wenye kutaka kujaribu waya wetu waje. Lampe ya kwanza imeungua, tumepata ingine.