John Snow: daktari aliyeonyesha kwamba kolera hupita katika maji, na funzo la nepi kwa wamama wa Kavimvira

Kila mara kipindupindu, yaani kolera, kinaporudi Uvira, wakaaji wa Kavimvira husikia mashauri yaleyale: nawa mikono, kunywa maji safi, tumia choo. Mashauri hayo hayakuanza juzi. Nyuma yake yuko daktari mmoja wa Uingereza, John Snow, aliyekufa mwaka wa 1858 wakati wakubwa wengi wa siku zake walikuwa bado hawajamsadiki. Na katika kazi yake inayojulikana zaidi duniani, chanzo cha msiba kilikuwa kitu kinachopatikana katika kila nyumba yenye mtoto mchanga: maji ya kufulia nepi.

Mtoto wa mtaa wa maskini

John Snow alizaliwa tarehe 15 mwezi wa 3 mwaka wa 1813 katika mji wa York, kaskazini mwa Uingereza. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto tisa. Baba yake alikuwa kibarua. Nyumba yao ilikuwa katika mtaa wa maskini karibu na mto Ouse, mto ambao hufurika. Wakaaji wa Uvira wanajua maisha ya namna hiyo.

Akiwa na miaka 14 alipelekwa Newcastle kujifunza kazi kwa daktari mmoja. Huko ndiko alikokutana na kolera mara ya kwanza. Ugonjwa huo uliingia Uingereza mwaka wa 1831, na kijana Snow akatumwa kuwahudumia wachimbaji wa makaa ya mawe wa Killingworth. Aliona jambo ambalo hakulisahau: wachimbaji walikaa chini ya ardhi siku nzima bila choo na bila maji ya kunawa, na chakula walikula humohumo kwa mikono michafu.

Mwaka wa 1836 alikwenda London, safari ndefu aliyoifanya kwa miguu, ili amalize masomo ya udaktari. Hakuoa, hakunywa pombe kwa muda mrefu wa maisha yake, na alikuwa mwangalifu sana juu ya maji aliyokunywa.

Daktari wa usingizi

Kwanza jina lake lilijulikana kwa kazi nyingine kabisa. Tangu mwaka wa 1847 alikuwa miongoni mwa mabingwa wa kuwalaza wagonjwa usingizi wakati wa upasuaji, kwa kutumia dawa za etha na kloroformu. Mwaka wa 1853 aliitwa kwa Malkia Victoria, akampa kloroformu wakati wa kujifungua mtoto wake Leopold. Mwaka wa 1857 aliitwa tena, Malkia alipomzaa Beatrice.

Kazi hiyo ilimpa sifa na fedha. Lakini kolera haikumtoka akilini. Siku zile madaktari wengi waliamini kwamba ugonjwa huo huletwa na hewa mbaya, harufu ya uchafu na ya uozo. Snow alijiuliza: kama ni hewa, kwa nini unaanza tumboni wala si mapafuni? Mwaka wa 1849 alichapisha kitabu kidogo akieleza kwamba kolera hutoka katika kinyesi cha mgonjwa, ikaingia katika kinywa cha mtu mwingine kwa njia ya maji, chakula au mikono. Wachache tu walimsikiliza.

Pampu ya Broad Street

Usiku wa kuamkia tarehe 1 mwezi wa 9 mwaka wa 1854, kolera ililipuka katika mtaa wa Soho, karibu na nyumba yake. Katika muda wa siku 10 watu zaidi ya 500 walikufa. Mwishoni hesabu ilifika 616. Waliobaki na nguvu walihama.

Snow hakukimbia. Alichukua orodha ya waliokufa, akapita nyumba kwa nyumba na kuuliza swali moja: mlikuwa mnateka maji wapi? Karibu wote walikuwa wanateka kwenye pampu ya Broad Street.

Aliangalia pia wale ambao hawakuugua. Nyumba ya maskini ya serikali, hapohapo karibu, ilikuwa na watu 535, na watano tu walikufa: ilikuwa na kisima chake. Wafanyakazi wa kiwanda cha pombe cha mtaa huo walipona: walikunywa pombe ya kiwanda, hawakwenda pampuni. Kwa upande mwingine, mama mmoja mjane aliyeishi mbali, Hampstead, alikufa kwa kolera ingawa hapakuwa na mgonjwa mwingine karibu naye. Snow aligundua kwamba mama huyo alipenda ladha ya maji ya Broad Street, na alikuwa anapelekewa chupa kila siku.

Jioni ya tarehe 7 Snow alikwenda mbele ya wakubwa wa parokia na kuwaeleza. Siku ya pili, mpini wa pampu ukaondolewa.

Nepi za mtoto wa nyumba namba 40

Swali moja lilibaki: ni nini kilichokiharibu kisima? Jibu lilipatikana mwaka uliofuata, na aliyelipata ni Henry Whitehead, mchungaji kijana wa mtaa huo. Mwanzoni alitaka kuonyesha kwamba Snow amekosea. Kadiri alivyozidi kuuliza watu wake, ndivyo alivyozidi kuona kwamba Snow alisema kweli.

Katika nyumba namba 40, mbele kabisa ya pampu, mtoto mchanga wa miezi mitano aliugua kuhara mwishoni mwa mwezi wa 8, kabla ya wengine. Mama yake, mke wa polisi aliyeitwa Lewis, alifanya kile ambacho kila mama hufanya. Alimvua mtoto nepi zilizochafuka, akaziloweka katika ndoo, akazifua, kisha akamwaga maji. Sehemu ya maji hayo aliimwaga katika shimo la uchafu lililokuwa mbele ya nyumba.

Wahandisi walipochimba waliona kwamba matofali ya shimo lile yalikuwa yameoza. Kati ya shimo na kisima palikuwa na umbali usiofika mita moja. Maji ya nepi yalipenya udongo, yakaingia kisimani, na mtaa mzima ukayanywa.

Mtoto yule alikufa tarehe 2 mwezi wa 9. Baba yake aliugua tarehe 8, siku ileile mpini wa pampu ulipoondolewa, naye akafa siku 11 baadaye. Mpini ulipoondolewa ugonjwa ulikuwa tayari unapungua, kwa sababu watu wengi walikuwa wamehama. Lakini fikiri: nguo za baba huyo zingefuliwa na maji yake kumwagwa palepale, na pampu ingali inafanya kazi, ni wangapi wengine wangekufa?

Mama Lewis hakuwa mchafu wala mzembe. Kosa halikuwa katika kufua kwake. Lilikuwa katika njia ya maji kutoka ndoo hadi kisima, njia ambayo hakuna mtu aliyeiona.

Alikufa kabla ya ushindi wake

Mwaka uleule Snow alifanya uchunguzi mwingine mkubwa zaidi. Kusini mwa London makampuni mawili yaliuza maji katika mitaa ileile. Moja lilichota mtoni Thames katikati ya mji, penye uchafu wote. Jingine lilikuwa limehamisha mitambo yake juu ya mto, kabla uchafu haujaingia. Katika kila nyumba 10,000, wateja wa kampuni ya kwanza walikufa 315, na wa kampuni ya pili 37. Mitaa ileile, hewa ileile. Maji tu ndiyo yaliyotofautiana.

Hata hivyo tume ya afya ya serikali ilikataa maelezo yake. Tarehe 16 mwezi wa 6 mwaka wa 1858 Snow alikufa kwa ugonjwa wa kiharusi, akiwa na miaka 45. Miezi michache baadaye Bunge la Uingereza lilikubali kujenga mifereji mikubwa ya maji machafu ya London. Mdudu wa kolera alikuwa ameonekana tayari Italia na Filippo Pacini mwaka wa 1854, bila watu kumjali. Ni mwaka wa 1884 tu, Mjerumani Robert Koch alipomtambua tena akiwa India, ndipo dunia ilipoanza kusadiki.

Kavimvira leo

Kwa nini habari hii ituhusu? Uvira imebanwa kati ya milima na ziwa Tanganyika, na kolera haijawahi kuiacha kwa muda mrefu. Maji ya bomba ya REGIDESO hutoka katika mto Mulongwe, mto uleule ambao mafuriko yake ya mwezi wa 4 mwaka wa 2020 yaliua watu wengi. Bomba linapokauka, watu hurudi mtoni na ziwani. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015, juu ya wagonjwa wa Uvira wa miaka ya 2009 hadi 2014, ulionyesha kwamba siku ya kukosa maji ya bomba hufuatwa na ongezeko kubwa la wagonjwa katika siku 12 zinazokuja.

Kavimvira, karibu na mpaka wa Burundi na uwanda wa Ruzizi, ardhi ni tambarare na ziwa liko karibu. Ziwa lilipopanda mwaka wa 2024, maji yaliingia katika nyumba nyingi za mwambao. Mahali pa namna hiyo, shimo la choo na maji ya kunywa hukaribiana upesi.

Wengi hudhani kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina hatari. Habari ya Broad Street inaonyesha kinyume. Snow mwenyewe alishauri kwamba nguo za mgonjwa ziwekwe ndani ya maji mara zinapovuliwa, zisikauke na uchafu wake, kisha zifuliwe au zipitishwe katika maji ya moto. Kwa nepi za kitambaa, kazi yenyewe ni hii:

Kwanza, kinyesi kiondolewe na kutupwa chooni. Pili, nepi ziwekwe katika ndoo yake peke yake, yenye mfuniko, isiyotumiwa kuteka maji wala kuoshea vyombo. Tatu, maji ya kwanza ya kusuuzia yamwagwe chooni, si uani, si mferejini, si mtoni, si ziwani. Nne, baada ya kufua kwa sabuni, nepi zichemshwe dakika 5, au zilowekwe katika maji yenye javeli. Javeli haina nguvu penye kinyesi kingi, kwa hiyo itumike baada ya kufua, si kabla. Tano, zianikwe juani hadi zikauke kabisa. Mwisho, mikono inawe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula au kumnyonyesha mtoto. Na choo kikae mbali na kisima, mita 30 au zaidi.

Na mashini ya kufua?

Familia zenye uwezo zimeanza kununua mashini. Inasaidia mikono ya mama, lakini kabla ya kutoa fedha, uliza mambo manne.

Umeme: mashini inayochemsha maji yenyewe hadi digrii 60 ndiyo inayofaa zaidi kwa nepi, lakini inahitaji nguvu ya wati 2,000 hivi. Kama umeme wako ni dhaifu au unatumia jenereta ndogo, haitafaa.

Maji: mashini ya kujiendesha yenyewe inataka bomba lenye msukumo. Ile ya mapipa mawili, moja la kufua na jingine la kukamua, unaweza kuijaza kwa ndoo, hata kwa maji uliyochemsha jikoni. Penye bomba linalokauka mara kwa mara, hiyo ndiyo inayofaa zaidi.

Mlango: kwa zile za kujiendesha, yenye mlango wa mbele hutumia maji machache kuliko yenye mfuniko wa juu. Kwa vyovyote usiijaze hadi juu, nepi zinahitaji nafasi ya kusuguana.

Jambo la nne ndilo ambalo muuzaji hatakuambia: bomba la kutolea maji litaelekezwa wapi? Mashini haiharibu uchafu, inauhamisha tu. Mashini ya bei kali inayomwaga maji yake uani, karibu na kisima cha jirani, haina tofauti na ndoo ya nyumba namba 40.

Leo Broad Street inaitwa Broadwick Street, na pampu isiyo na mpini imesimamishwa hapo kwa ukumbusho wa Snow. Kavimvira haihitaji sanamu. Inahitaji maji ya bomba yasiyokatika, vyoo visivyovuja, na kila nyumba ijue maji ya nepi yanakoishia.