Pavlov: Mtoto wa kasisi aliyechunguza mbwa na ishara

MFUGAJI wa Kongwa au Bahi anapopiga mluzi jioni, mbwa wake akaacha kumkimbiza sungura na kurudi zizini, anatumia kanuni iliyochunguzwa na mtu ambaye hakuwahi kuchunga mbuzi. Mtu huyo ni Mrusi Ivan Petrovich Pavlov.

Alizaliwa Septemba 26, 1849 mjini Ryazan, mtoto wa kasisi wa Kiorthodoksi. Alianza masomo ya ukasisi, lakini mwaka 1870 akayaacha na kwenda St. Petersburg kusoma sayansi. Aliishi kwa shida hadi mwaka 1890, alipopata uprofesa katika chuo cha tiba cha jeshi. Mwaka uliofuata alikabidhiwa kuanzisha idara ya fiziolojia katika Taasisi ya Tiba ya Majaribio.

Hapo alichunguza jinsi tumbo linavyosaga chakula. Wasomaji wa kurasa hizi huenda wakavutiwa na upande wa biashara: maji ya tumbo la mbwa yalisafishwa na kuuzwa kama dawa, maelfu ya chupa kwa mwaka, na fedha zikasaidia kuendesha maabara. Utafiti huo ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1904.

Jina lake limebaki kwa jambo jingine. Aliona mbwa wakidondosha mate kabla ya chakula kufika. Akaanza kutanguliza ishara, kwa mfano mlio wa metronomu, kisha chakula. Baada ya kurudia, mlio peke yake ulitosha. Mpangilio ni muhimu: ishara kwanza, chakula papo hapo. Ishara ikirudiwa mara nyingi bila chakula, nguvu yake hufifia.

Kurudi si sawa na kudondosha mate, kwani mbwa hutembea kwa hiari yake. Mmarekani B. F. Skinner alionyesha baadaye kwamba tendo linalofuatwa na malipo hurudiwa. Kwa mfugaji hesabu ni ile ile: ita mara moja, akifika mpe kipande cha ugali au ngozi hapo hapo.

Sisi nyumbani tulifanya kinyume. Mbwa wetu aliitwa, akarudi, akachapwa fimbo kwa kuchelewa. Mwisho akawa anasimama hatua ishirini kutoka mlangoni, nasi tukamwita mkaidi. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa hakukamatika. Hasara hiyo si ndogo, maana ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua.

Pavlov naye aliona kazi ya hofu. Septemba 1924 mafuriko yaliikumba Leningrad na maji yakaingia kwenye mabanda ya mbwa wake. Waliokolewa, lakini baadhi walipoteza waliyofundishwa kwa muda mrefu. Mmoja aliyekwisha kupata nafuu alivurugika tena maji kidogo tu yalipopenyezwa chini ya mlango.

Aliwakosoa Wabolsheviki waziwazi, lakini Januari 1921 Lenin alitia saini amri ya kumpatia yeye na mkewe, Serafima, mgao maalumu wa chakula, wakati nchi ina njaa. Alifariki Februari 27, 1936 akiwa na umri wa miaka 86. Mwaka uliotangulia, katika bustani ya taasisi yake, ilisimamishwa sanamu ya mbwa.