Nyarigoti: Mwingereza Aliyepewa Jina la Kigusii

Katika soko la Nyakoe, kando ya barabara itokayo Kisii kuelekea Kisumu, mtu akiitwa Nyarigoti hakuna ageukaye kwa mshangao. Jina hilo lasikika kama Nyanchera, kama Nyaboke, kama Nyakoe penyewe. Asiyejua historia atasadiki kuwa ni la kale. Kumbe asili yake ni Northcote.

Geoffry Northcote alizaliwa mwaka 1881, akawasili Afrika Mashariki mwaka 1904. Serikali ilipofungua kituo chake Kisii mwaka 1907, yeye ndiye aliyetumwa kukisimamia. Hakupokewa kwa vigelegele. Mwaka 1905 askari wa Waingereza walikuwa wamekwisha kuwaua Wagusii wengi na kuteka ng'ombe wao. Januari 1908, Otenyo Nyamaterere, akihimizwa na nabii Moraa, alimvizia Northcote njiani akamchoma mkuki.

Northcote alipona, waliolipia ni raia. Nyumba zilitiwa moto, mifugo ikatekwa, na watu wakauawa kwa wingi hata Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, akahoji mauaji yale. Otenyo alikamatwa, akauawa. Wagusii husimulia hadi leo kwamba kichwa chake kilipelekwa Uingereza.

Northcote naye alipanda vyeo: akawa gavana wa British Guiana mwaka 1935, kisha wa Hong Kong kuanzia 1937 hadi 1941. Huko Hong Kong chuo cha ualimu kilipewa jina lake. Alifariki mwaka 1948.

Turudi kwenye jina, maana hapo ndipo penye utamu. Ekegusii haina sauti ya katikati ya neno Northcote, ile tuiandikayo "th" katika thamani, wala haipendi konsonanti mbili zisongamane hivyo, wala neno kuishia kwa konsonanti. Irabu zikaingia kati na mwishoni. Kilichoanza kama "Nor" kikavishwa kiambishi Nya-, ambacho kimejaa katika majina ya watu na mahali ya Wagusii. Na ile "k" ikawa "g". Kwa nini? Naona hapa kazi ya Kanuni ya Dahl: "k" hulainika ikifuatwa na silabi yenye sauti kavu kama "t". Ndiyo sababu Mgusii husema ekerogo kwa kiti, lakini egetabu kwa kitabu. Mtawala aliyekuja kuwatiisha watu alitiishwa na sarufi yao.

Wapo wanaodai kuwa kumwita mtoto Nyarigoti ni kumtukuza mkoloni. Siafikiani nao. Desturi ya Wagusii ni kumpa mtoto jina la jamaa aliyefariki. Basi mzazi wa leo humkumbuka babu yake, si gavana wa Hong Kong. Swali gumu ni la yule babu wa kwanza. Je, alizaliwa mwaka wa mkuki? Baba yake alifanya kazi bomani? Au alipewa jina kwa dhihaka? Kila ukoo una jibu lake, na majibu hayo yamo vinywani mwa wazee. Ningewaomba walimu wa Kitutu wawatume wanafunzi wao na daftari wakayaandike likizo hii, na katika ukurasa uo huo waandike pia waliopewa jina la Otenyo.